Nani Kaunguza Halua

Kwanza aliilaumu shuka.
"Nzito. Itoeni miguuni."
Shuka ile ile ya pamba, iliyofuliwa hata maua yake hayaonekani.
Saa nane za usiku, Wete imelala,
na baba yangu, Shaame Asaa, mpika halua wa Limbani,
kakaa ukingoni mwa kitanda,
nyayo kazibandika kwenye saruji
azipoze.

Siafu, alisema. Tukawasha kibatari: hakuna siafu.
Pilipili, alisema, kama mtu kanisugua mbichi baina ya vidole.
Usiku mwengine: umeme.
"Umepita! Hapa, ukatokea hapa,"
kutoka kidole gumba mpaka kisiginoni,
na mtaa mzima uko gizani tangu magharibi.

Majirani walijua. Majirani hawakosi kujua.
Kakanyaga, walisema, pale njiapanda pamefukiwa kitu.
Shangazi Mwanakombo akaleta kombe,
zafarani juu ya sahani nyeupe.
Baba akanywa, akashukuru,
akauliza zafarani hiyo kanunua kwa nani.
Miye nilikuwa nikitazama anavyokunywa maji,
mtungi na nusu kwa siku,
na mlango wa choo unavyolia usiku mara nne, mara tano.
Nilihesabu. Sikusema.

Kisha moto ukaondoka wenyewe.
Tulisoma dua ya shukurani, wajinga sisi,
tukagawa kahawa.
"Natembea juu ya sufi," alisema, akicheka.
Siku moja karudi msikitini na ndara moja.
Ya pili aliileta mtoto,
kaiokota mbele ya duka la mafuta ya taa.
Baba akaitazama ile ndara
kama mtu aliyeletewa barua isiyokuwa yake.

Kumi la mwisho la Ramadhani,
sufuria ya shaba motoni, vikapu sabini vya kupeleka Unguja.
Samli, iliki, kungumanga,
na juu yake harufu nyengine.
"Nani kaunguza halua?"
Akamgeukia Kheri, kijana wa kuni:
"Sijakwambia upunguze moto?"
Kheri hakujibu. Alikuwa akitazama chini.
Kaa la moto liko chini ya unyayo wa baba,
na baba kasimama juu yake
kama aliyesimama juu ya jamvi.

Daktari msichana, mtu wa Mtambwe, sauti ya chini.
Aliuliza mgongo. Aliuliza viatu vya kubana,
vidonge vya kifua alivyowahi kumeza,
baka lolote la ngozi lisilohisi.
Ulevi aliuulizia akiwa anatazama meza;
baba akasema astaghfirullahi.
Akamtoboa kidole,
kijimashine kikatoa tarakimu
nisiyodhani damu ya mtu huibeba.

"Fumba macho, mzee. Nikikugusa, sema."
Alikuwa na uzi mgumu, kipande tu, kama wa mshipi.
Akagusa kidole gumba. Akagusa cha mwisho.
Akagusa kando ya kidonda.
Kila mara uzi ulipinda, niliuona.
Baba kafumba macho, katulia,
kama anayengoja kuitwa jina.
Mwisho akauliza, kwa upole:
"Mwanangu, mbona huanzi?"

Sukari, akasema daktari, ikikaa mwilini miaka
huila mishipa ya fahamu,
huanza na ile mirefu, ncha za vidole,
ikapanda polepole, kama mtu anavaa soksi.
Kwanza mishipa hupiga kelele. Kisha hunyamaza.
Kunyamaza ndiko kubaya.
Baba alifikiri sana.
"Miaka arubaini naikoroga," alisema,
"kumbe nayo yanikoroga."

Siku hizi anakoroga amekaa, viatu vimefungwa,
na kuonja naonja mimi.
Usiku nachukua kioo chake cha kunyolea,
namulika nyayo kwa simu:
mwiba, mchubuko, wekundu usiokuwepo jana.
Yeye kalala chali, macho juu ya boriti.

"Mkono wako baridi leo," asema.

Sijamgusa.